Popo akipiga hodi

Mara ya kwanza nilipokwenda Kidike, Pemba, mzee aliyenitembeza alisimama chini ya mti uliosheheni popo akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea hawa. Mchana kutwa wanagombania nini?" Sikuwa na jibu la maana. Popo wa Pemba, ambao duniani kote hawapatikani kwingine, walikuwa wakining'inia na kusukumana kwa mabawa, kelele kama mnada wa samaki.

Watu wakisikia habari za sauti za popo hufikiria mwangwi: popo anapiga mlio, unagonga kitu, unamrudia, anajua mbele kuna mti au nondo. Milio hiyo mingi ina mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, sikio letu haliipati. (Popo wa Pemba haitumii hata, yeye ni macho na pua.) Lakini hapo popo anajisikiliza mwenyewe. Mimi kinachonivutia ni mlio unaoitikiwa.

Mfano mzuri kuliko yote uko Costa Rica. Kuna popo mdogo huko, uzito wake ni kama gramu nne, mwenye visahani vya kunatia kwenye vidole gumba na vifundo vya miguu. Analala ndani ya jani changa la mimea jamaa na mgomba, likiwa bado limejikunja kama bomba. Shida ni kwamba jani hilo hufunguka ndani ya siku moja hivi. Kila siku kundi linahama, na kila siku linaweza kupotezana.

Basi wanapiga hodi. Aliye hewani anatoa mlio wa kuuliza. Aliyekwisha kuingia ndani ya jani anaitika kwa mlio mwingine, mrefu na wenye mapindo zaidi. Gloriana Chaverri na wenzake walieleza jambo hili mwaka 2010. Walipoendelea kuchunguza wakakuta kwamba wa ndani humwitikia yeyote, awe wa kundi lake au mgeni. Anayechagua ni wa nje: akisikia sauti ya mwenzake wa kundi, ndipo huelekea kuingia. Na jani lenyewe ni kama tarumbeta, linakuza "hodi" inayoingia kuliko "karibu" inayotoka. Wapo pia wasioitika kabisa, hata uwapigie hodi mara ngapi. Kila nyumba ina mtu wa namna hiyo.

Si kila jibu ni la wema. Mwaka 2014 Aaron Corcoran na William Conner walionyesha kuwa popo fulani wa Marekani, akimsikia mwenzake yuko hatua ya mwisho ya kumnasa mdudu, humpigia mlio wa kumvuruga mwangwi. Mwenzake anakosa, yeye anajaribu bahati yake. Hila tupu!

Jibu la swali la yule mzee wa Kidike, au angalau kipande chake, lilikuja mwaka 2016 kutoka Tel Aviv. Watafiti waliwarekodi popo 22 wa matunda wa Misri, aina ambayo hata kwetu imo mapangoni, wakachambua milio kama 15,000. Sikio la binadamu linasikia makelele tu. Kompyuta iliweza, si kila mara lakini kuliko kubahatisha, kutambua nani anapiga kelele, kwa ajili ya nini, na mara nyingine anamwambia nani. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa chakula, wa mahali pa kulala, wa dume asiyetakiwa, na wa "umenikalia karibu mno".

Kaskazini mwa Tanzania yupo mwingine, mwenye pua ya umbo la moyo, ambaye huhitaji kifaa kumsikia. Dume hutua kwenye kichaka cha migunga usiku akaimba kulinda eneo lake la kuwindia. Weka spika hapo, cheza wimbo wa dume mwingine. Hatakimbia. Atakuja kuizunguka spika, akimtafuta huyo aliyeingia bila hodi.