Ulinzi wa mtandao si kazi ya serikali peke yake

Julai 2023, eCitizen, mfumo wa Kenya wa kutolea huduma za serikali mtandaoni, ulipozidiwa na shambulio la mtandaoni, wengi walisema serikali imelala. Lawama hiyo inaishia nusu ya njia. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Mbinu yake ilikuwa kuimiminia mitambo maombi bandia mengi mno, hata mwananchi anayetafuta huduma akakosa nafasi. Sasa, mafuriko ya aina hiyo hupita kwanza kwenye nyaya na mitambo ya kampuni za intaneti kabla ya kubisha hodi serikalini. Kampuni hizo ndizo zinazoweza kuyaona mapema na kuyachuja. Serikali nayo ina polisi, mahakama na uwezo wa kuzikutanisha benki zinazoshindana ili zipeane tahadhari.

Ndiyo maana sheria ya Kenya ya makosa ya mtandaoni ya 2018 inamtaka kila anayeendesha mfumo wa kompyuta, wa umma au wa binafsi, aripoti shambulio kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24. Naelewa hofu ya benki kupoteza imani ya wateja. Lakini ikinyamaza, mdukuzi huyohuyo huenda benki ya pili na mbinu ileile.