Tuta moja linavyoua mikoko ya Bagamoyo

Mikoko ikitajwa kuharibiwa, wengi huwaza shoka na boriti. Boriti zinaumiza, lakini aliyekata korija mbili tatu (korija ni boriti ishirini) ameacha maji yapite, na msitu hujirudia taratibu. Kinachomaliza eneo zima ni tuta la udongo linaloinuliwa kwa ajili ya mabwawa ya chumvi au ya kufugia kamba na kuziba mkondo, yaani njia ambayo maji ya bahari huingilia na kutokea msituni.

Mti wa kutazama kwanza ni mchu, mmoja wa aina za mikoko. Mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni wima kama penseli, na hupata hewa maji yakipwa. Tuta likizuia maji kutoka, mizizi hukaa chini ya maji usiku na mchana na mti hufa kwa kukosa pumzi. Likizuia maji kuingia, jua hukausha tope na chumvi huzidi, mpaka mchu wenyewe, ambao huvumilia chumvi kuliko mikoko mingi, unashindwa. Dalili ni hii: upande mmoja wa tuta majani ni ya njano, upande wa pili ni mabichi. Ukiona hivyo usihangaike na ugonjwa, tafuta mkondo ulizibwa wapi.

Bwawa la kamba lina hatari ya ziada. Tope la mikoko lina chuma na salfa ambazo hazina madhara zikiwa majini. Likifukuliwa na kupigwa na hewa hutoa asidi, na pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, inaweza kufika chini ya 4. Kingo huanza kuchuruzika maji ya rangi ya kutu. Mwenye bwawa humwaga chokaa, kamba hufa, naye huhamia kipande kingine cha msitu. Alichoacha hakioti kitu kwa miaka mingi.

Upande wa karatasi ndiko tunakopoteza zaidi. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ile ya mdomo wa mto Wami imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Sheria za Ardhi za 1999 zinatenganisha ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji, kwa hiyo muhtasari wa mkutano wa kijiji unaomgawia mwekezaji jangwa la nyuma ya mikoko, yaani uwanda mtupu wa chumvi, hauna nguvu iwapo jangwa hilo limo ndani ya mpaka wa hifadhi. Chumvi kisheria ni madini, na mtu hufika na leseni ya madini mkononi, viongozi wakadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Dai ridhaa ya maandishi ya TFS, cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, na ramani yenye koordineti za kila kona. Uliza pia eneo liko ukanda gani katika mpango wa usimamizi wa mikoko wa 1991, maana kati ya kanda zake nne ni ya nne tu iliyotengwa kwa miradi ya maendeleo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nacho kinalinda mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito.

Kabla udongo haujamwagwa, nendeni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Maji yakijaa, wekeni alama yanapofikia. Yakipwa, fuateni kila mkondo hadi unapokwisha, mchukue koordineti kwa simu na picha yenye tarehe. Bila kumbukumbu hiyo, baadaye mtaambiwa hapakuwa na mkondo.

Wawekezaji wakiahidi kuweka kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya tuta, ulizeni kimo. Kitako chake kiwe sawa na sakafu ya mkondo. Likiinuliwa, maji yatapita bamvua tu, na siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, nyuma ya tuta hakufiki kitu. Na palipokwisha kuharibika, msianze kupanda miche: fungueni kwanza tuta pale pale mikondo ilipokuwa, msubiri misimu kadhaa muone mbegu zipi zinaletwa na maji, kisha ndipo mpande mapengo yaliyobaki.