Je, wajua kwa nini kambi ya wasoda ya Saïo, huku kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, inaitwa Saïo?

Yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi pembeni ya Liège kule Ubelgiji, na sasa ni mwaka wa tatu ameingia klabu ya kupiga shabaha. Siku mama alisikia hiyo habari alikasirika vibaya sana, akamwambia kwa simu, "We ulikimbia masasi ya Bukavu, sasa huko unalipa makuta yako ili upige masasi?" Yaya akacheka, akamweleza kwamba ni bunduki ya hewa, inatema kachuma kadogo tu, mita 10, na kile kialama cha katikati chenye pointi kumi ni nusu milimita, nusu milimita jamani, yaani kichwa cha sindano ni kikubwa kuliko hicho, kwa hiyo hapo nguvu haisaidii, ni pumzi na kutulia tu. Na kule Liège klabu za namna hiyo si kitu cha kushangaa, maana Herstal iko pale pale mlangoni, na kiwanda cha Herstal kilianzishwa 1889 kusudi kitengeneze bunduki za Mauser za jeshi la Ubelgiji. Mama hakusadiki, lakini aliacha.

Sasa juzi yaya akanitumia odio na picha ya karatasi ya habari za klabu. Mambo ya kawaida: nani alipata pointi ngapi, paa la ukumbi linavuja, kotizasyo ya mwaka inapanda. Halafu chini kabisa tangazo la msiba: muzee mmoja wa klabu amefariki, alikuwa amepita miaka themanini, njo yeye alikuwa anaandikaka pointi za wenzake kila jumamosi, na wakaongeza mistari miwili mitatu juu ya familia yake, kwamba baba yake alikuwa ajida (cheo cha chini ya ofisa) wa Force Publique, lile jeshi la koloni ya Wabelgiji huku Kongo, na alipigana Saïo, 1941. Yaya kwenye odio anauliza, "Eh, Saïo si kambi ya kwetu? Walipigana Bukavu 1941?"

Hapana, Bukavu hawakupigana 1941. Lakini nikajiuliza na miye, maana hilo jina nimelitaja tangu utoto, kambi ya Saïo huku, kambi ya Saïo kule, kila vita ikikaribia mji watu wa kwanza kuulizia ni wa kambi ya Saïo, na sijawahi kumsikia mtu akieleza Saïo ni nini. Nilimuuliza motari mmoja akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni mwami wa zamani. Rafiki mwingine akasema ni koloneli wa Wazungu. Wote wawili wamekosa.

Saïo ni mji. Uko magharibi ya Ethiopia, juu milimani, na leo kwenye karata utaukuta kwa jina la Dembidolo. Sasa swali linakuwa gumu zaidi, ju Kongo haina mpaka na Ethiopia, katikati kuna Sudan nzima (siku hizi ni Sudan Kusini). Wasoda wetu walikuwa wanatafuta nini kule?

Ilianza Ulaya. Tarehe 10 mwezi wa tano 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji, na tarehe 28 mfalme Leopold wa Tatu akasalimisha jeshi lake, siku 18 tu. Serikali ikakimbia, mwishowe ikafika London bila nchi na karibu bila jeshi. Kitu kikubwa walichobakia nacho ni Kongo. Gavana mkuu wa koloni kule Léopoldville (Kinshasa ya leo), Pierre Ryckmans, akakata shauri kwamba koloni inabaki upande wa Waingereza. Mwezi wa sita ule ule Italia ikaingia vita upande wa Hitler, na Italia ilikuwa imeshaikalia Ethiopia tangu 1936, kwa hiyo ilikuwa inatishia Sudan na Kenya za Waingereza. Waingereza walikuwa na askari wachache eneo lile. Wabelgiji nao walikuwa na aibu ya zile siku 18, walitaka kuonyesha bado wanapigana, na watu wa kupigana walikuwa ni akina koko zetu. Hapo njo penye jibu, mengine ni safari tu, lakini safari yenyewe nayo haikuwa mchezo.

Maana fikiria: unatolewa upande wa Haut-Uélé, kaskazini-mashariki ya Kongo, unapandishwa kamyo mpaka Juba, hapo unaingia mashua za mto Nile mpaka Malakal, halafu unageuka mashariki kufuata mto Sobat na mto Baro mpaka kwenye mpaka wa Ethiopia. Ni zaidi ya kilometa elfu, na hapo bado hujamuona adui. Tarehe 11 mwezi wa tatu 1941 Force Publique ikakamata Asosa, na tarehe 23 ikakamata Gambela, bandari ndogo juu ya mto Baro. Watu wa Kinshasa mukisoma hapa labda mumeshtuka kidogo, ndiyo, soko ya Gambela, avenyi Assossa, avenyi Saïo, zote zilitoka fasi moja.

Kisha wakakwama. Gambela iko chini kwenye joto, kama mita mia tano tu, na Saïo iko juu zaidi ya mita 1,700, na Waitalia walikuwa wamekaa juu na mizinga yao wanatazama chini. Na Baro wakati wa kiangazi maji yanapungua mpaka mashua hazifiki Gambela, chakula kinabidi kije kwa kamyo kwenye njia ambazo si njia, halafu mvua ilipofika zile njia zikageuka matope matupu, kwa hiyo jua lilikuwa shida na mvua ilikuwa shida. Watu wakaanza kula kidogo, tena chakula cha namna moja. Hapo ikaingia beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, miguu inavimba au inakufa ganzi, moyo unachoka, na mtu anaweza kufa bila risasi kumgusa. Ongeza malaria na kuhara damu. Miezi ya nne, ya tano na ya sita ilipita hivyo pale chini kwenye kijito cha Bortaï, wanapigana, wanarudi, wanazika.

Lakini na wale wa juu walikuwa wanaisha. Addis Ababa ilikuwa imeanguka tangu tarehe 6 mwezi wa nne, Haile Selassie alirudi kwenye mji wake tarehe 5 mwezi wa tano, na jenerali Pietro Gazzera kule magharibi alikuwa amebaki peke yake, amezungukwa, Waethiopia wenyewe wanamsumbua mgongoni. Jenerali Gilliaert akafika na vikosi vingine kutoka Kongo, na tarehe 3 mwezi wa saba 1941 wakashambulia. Siku ile ile Gazzera akaomba masharti. Majenerali, maofisa na askari wao kwa maelfu wakajisalimisha mbele ya jeshi ambalo karibu lote lilikuwa watu weusi wa Kongo, tena wachache kuliko wao. Natamani ningeziona hizo sura.

Wakubwa wa koloni walijivuna sana na ushindi huo, wakalipanda lile jina kila mahali, barabara, kambi, sanamu. Halafu wakati wa Mobutu majina ya Kizungu yakafagiliwa, lakini Saïo ikapona. Miye naona ni ju si jina la mtu mweupe, na ju watu walikuwa wameshasahau linatoka wapi.

Tena Saïo haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Sisi wa Kivu vita ya kwanza ya dunia ilitukuta nyumbani: mwezi wa tisa 1914 Wajerumani waliikalia Idjwi, kisiwa chetu hiki hiki. Mwaka 1916 Force Publique ikavuka, ikapita Kigali, ikafika mpaka Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa, na wabeba mizigo wa vita ile wanahesabiwa kama 260,000, na maelfu yao hawakurudi. Baada ya Saïo wasoda wengine walipelekwa Nigeria, wakakata jangwa la Sahara na kamyo mpaka Misri, wakafika na Palestina. Wengine walienda mpaka Birmania (Myanmar ya leo) pamoja na hospitali ya vita, kubeba majeruhi wa Waingereza. Kaporali Albert Kunyuku alikuwa wa kundi hilo la Birmania, na mwezi wa sita 2022 mfalme Philippe alimvalisha medali Kinshasa, muzee akiwa na miaka mia. Miaka 77 baada ya vita kuisha. Na mpaka 1960 hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa ofisa wa Force Publique, ukishafika ajida umefika mwisho wa ngazi.

Nyumbani nako waliobaki hawakupumzika. Mwaka 1942 Ryckmans alipandisha kazi ya lazima mpaka siku 120 kwa mwaka, mulime, mugeme mpira. Japani ilikuwa imeikamata Java ambako karibu kwinini yote ya dunia, dawa ya malaria, ilikuwa inatoka, kwa hiyo miti ya kenkina ya Kivu, ile ambayo maganda yake yanatoa kwinini, ikawa mali, na koko wetu mwanamke alikuwa anatuhadithia vile walikuwa wanaambua maganda ya kenkina mpaka mikono inakuwa michungu, ukijisahau ukalamba kidole umekwisha. Sisi tulicheka tu. Hatukujua kwamba alikuwa anatuambia habari za vita.

Koko mwanaume yeye alikuwa soda, hiyo tunajua, lakini alikuwa anasema tu "wakati ya vita ya Wazungu", hataji fasi. Alikuwa hapendi wali, hata sikukuu, na hakuna aliyemuulizaka kwa nini.

Narudi kwa yaya. Jumamosi iliyofuata, mbele ya kuanza kupiga, klabu ilisimama dakika moja kwa ajili ya marehemu, na binti yake akaleta picha ya babu yake ili watu waitazame. Muzungu amevaa kaputula, mikono kiunoni, nyuma yake wasoda sita wamesimama wima na Mauser zao. Yaya aliomba aigeuze. Nyuma wameandika Saïo, mwezi wa saba 1941, jina lote la ajida, halafu "na watu wangu", na chini yake namba sita kwa kalamu ya risasi. Matrikuli. Si majina, ni namba, vile walikuwa wanaitwa kwenye karatasi.

Nilimpelekea mama mukubwa hiyo picha. Hakusema kitu, aliinama akavuta sanduku la koko chini ya kitanda, akatoa kile kitabu chake cha usoda ambacho hatukujua kama bado kipo. Ukurasa wa kwanza mende wamekula, kwenye mstari wa matrikuli zimebaki tarakimu mbili za mwanzo, 4 na 7. Tukaangalia zile namba sita, moja moja, hakuna hata moja inayoanza na 47. Mimi nikafunga simu. Mama mukubwa akaniambia fungua tena, kuza hiyo picha, hapana, upande ule, wa kuume. Na kweli pembeni kabisa, fasi karatasi inakatikia, kuna kiwiko cha mtu wa saba.