Si lazima abatizwe ndipo mfunge ndoa kanisani

Wengi wanaamini mchumba asiye Mkatoliki lazima abatizwe kwanza, la sivyo padri hafungishi ndoa. Si kweli. Na kubatizwa kwa ajili ya harusi tu ni kumdanganya Mungu na mkwe kwa pamoja.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inatofautisha hali mbili. Mchumba akiwa Mkristo aliyebatizwa, Mlutheri kwa mfano, kinachotakiwa ni ruhusa ya askofu. Akiwa hajabatizwa kabisa, Mwislamu au Mhindu, hapo kuna kizuizi halisi: kisipoondolewa na askofu, ndoa ni batili hata mkivishana pete mbele ya altare. Maombi hupitia kwa paroko, kwa hiyo msimwendee wiki ya harusi.

Ahadi anaitoa Mkatoliki peke yake: kwamba ataishika imani yake, na atafanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake hatii saini chochote kuhusu hilo; anajulishwa tu. Lakini jamani, mjulisheni mapema. Mabishano ya ubatizo huzuka mtoto akishazaliwa, bibi wa pande zote mbili wakiwa sebuleni.