Kinachonata ndani ya stroopwafel si asali

Wengi huamini kwamba ile rojo ya kahawia inayonata katikati ya stroopwafel, biskuti ya Uholanzi, ni asali. Rangi inafanana, na baadhi ya pakiti zimeandikwa "asali".

Lakini stroop kwa Kiholanzi ni shira, binamu wa ile tunayomiminia kaimati, ila hii hupikwa na siagi na mdalasini hadi iwe nzito. Kwa mapishi ya Gouda, mji wa Uholanzi, donge la unga hubanwa kati ya vyuma viwili vya moto, kisha kaki hupasuliwa ubapa ingali moto na kupakwa shira.

Wapo wanaotia asali kidogo. Geuza pakiti usome viambato: kilicho kingi hutajwa kwanza. Asali mara nyingi haimo, au iko mkiani.