Usianze na jina la ukoo: kumtafuta bibi wa Kinorwe kwenye vitabu vya usharika

Watu wanaoniomba niwatafutie mababu wa Kinorwe wana kawaida moja: wanatanguliza jina la ukoo. "Sisi ni akina Haugen," ananiambia mtu, kana kwamba amenikabidhi ufunguo wa mlango. Mimi humwomba hiyo Haugen aiweke pembeni kwanza, anitajie bonde, na kama anaweza, jina la kanisa. Wengine huudhika.

Mswahili haudhiki, kwa sababu jambo lenyewe analijua tangu utotoni. Juma bin Ali ni mwana wa Ali, na mwanawe Juma ataitwa Salim bin Juma. Huyo Ali hasogei zaidi ya hapo. Wanorwe wa vijijini walikuwa hivyo hivyo. Ole mwana wa Hans ni Ole Hansen. Dada yake ni Anne Hansdatter, yaani Anne binti Hans, na hata akiolewa haliachi jina la baba yake. Mijini watu walianza mapema kushika majina ya kurithi, lakini ni sheria ya majina ya 1923 iliyoitaka kila familia iwe na jina lake moja la kudumu.

Sasa Haugen ni nini? Ni shamba. Maana yake ni kilima kidogo, na Norwe kwa vilima haina upungufu, kwa hiyo hata akina Haugen wametapakaa nchi nzima bila undugu wowote. Jina la shamba lilikuwa anwani. Ulipohama, nalo lilibadilika.

Mimi kazi hii niliingia kwa mlango wa ukwe. Mke wangu kwao ni bonde la Gudbrandsdalen, huko Norwe, na mama mkwe alitaka kujua habari za Marit, ambaye mama mkwe ni kilembwe wake. Huyo Marit nilimkuta kwenye vitabu kwa majina matatu. Alipobarikiwa kipaimara ni Marit Olsdatter Bakke, kwa sababu alilelewa shamba la Bakke. Alipofunga ndoa mwaka 1857 ni Marit Olsdatter Lien, maana wakati huo alikuwa mtumishi wa ndani huko Lien. Kwenye sensa ya 1865 yuko Haugen na mumewe, Hans Pedersen. Mtu anayetafuta kwa jina la ukoo atahesabu wanawake watatu. Kinachodumu ni "binti Ole", umri, na njia ya kutoka shamba moja hadi jingine, ambayo kwa Marit haikuzidi mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Hans hakuwa mwenye shamba. Alikuwa *husmann*: alipewa kibanda na kipande cha ardhi pembeni mwa shamba la mtu, naye akalipa kwa siku za kazi. Wasomaji wa Kenya wakumbuke maskwota kwenye mashamba ya walowezi, watakuwa karibu sana na picha yenyewe. Watu wa namna hii walihamahama, ndiyo maana ni wagumu kufuatilia, na ndio wengi wa mababu tunaowatafuta.

Nyaraka zenyewe ni neema. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ina tovuti iitwayo Digitalarkivet, iliyofunguliwa mwaka 1998, na ndani yake kuna picha za kurasa za vitabu vya usharika pamoja na sensa, bure kabisa. Kuna pia sanduku la kutafutia majina yaliyokwisha kunakiliwa. Lifurahie, lakini usiliamini kupita kiasi. Aliyenakili ni binadamu aliyekuwa akisoma mwandiko wa Kigothi, ambao herufi zake e, n na r zinafanana kama mapacha. Kila ninachokipata kwenye nakala nakwenda kukiangalia kwenye picha ya ukurasa wenyewe.

Vitabu vya kabla ya miaka ya 1810 havina safu. Mchungaji alijaza Jumapili baada ya Jumapili kama shajara: leo nimebatiza mtoto wa fulani, nimezika fulani, nimetangaza ndoa. Mwaka 1812 ilikuja amri ya fomu zenye safu, pamoja na sharti ambalo nalipenda kuliko yote: mhudumu wa kanisa naye awe na nakala yake, na vitabu hivyo viwili visilale usiku mmoja chini ya paa moja. Waliogopa moto, na nyumba zao zilikuwa za mbao. Mwandiko wa mchungaji ukinishinda, namwendea huyo mhudumu. Mara nyingi anaandika vizuri kuliko bosi wake.

Sasa niseme kosa langu. Nilipata ubatizo wa Marit, baba Ole wa Bakke, mwaka 1829, tarehe 12, na mwezi umeandikwa "7br". Mwezi wa saba ni Julai, nikaandika Julai. Nikachapisha karatasi nzuri yenye mti wa ukoo, mama mkwe akaitia fremu na kuitundika sebuleni.

7br si Julai. Ni Septemba, kwa sababu *septem* ni saba kwa Kilatini, na mwaka wa Warumi wa kale ulianza Machi. 8br ni Oktoba, 9br ni Novemba, 10br au Xbr ni Desemba. Hilo lingesameheka. Baya zaidi lilijitokeza miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa nasoma orodha ya kipaimara ya 1847. Kipaimara kilikuwa lazima tangu 1736, na bila hicho kijana hakuweza kuoa wala kuolewa, kwa hiyo karibu kila mtu yumo. Kwenye safu ya tarehe ya kuzaliwa, Marit wa Bakke ana Februari 1832. Nikarudi kwenye kurasa za mazishi. Marit wa kwanza alikufa akiwa na miezi kumi na moja, na msichana aliyefuata akapewa jina lile lile.

Yaani ukutani kwa mama mkwe tulikuwa tumemtundika mtoto mchanga aliyekufa, tena kwa mwezi ambao hata hakuzaliwa.

Tangu siku hiyo, nikipata ubatizo sishangilii mpaka nimepitia mazishi ya miaka kumi inayofuata. Kurithisha jina la marehemu lilikuwa jambo la heshima. Mjane aliyeoa tena aliweza kumpa binti wa kwanza wa ndoa mpya jina la mke aliyetangulia, na mke mpya hakuona ajabu. Hiyo orodha ya kipaimara ilinipa na kitu cha ziada, tarehe ya Marit kuchanjwa ndui. Tangu 1810 chanjo hiyo ilikuwa sharti la kipaimara na ndoa, na mchungaji ndiye aliyekagua.

Sensa nazo zina tabia zake. Ya kwanza iliyoandika majina ya nchi nzima ni ya 1 Februari 1801, Norwe ikiwa bado chini ya mfalme wa Denimaki. Haitaji mahali pa kuzaliwa, lakini inasema kila mtu yuko kwenye ndoa ya ngapi, na hiyo imenifumbulia mafumbo mengi ya mama wa kambo. Kisha kuna pengo refu la sensa zilizohesabu vichwa tu, hadi 1865. Hii ndiyo kipenzi changu. Inataja usharika wa kuzaliwa, inahesabu hata ng'ombe, kondoo na viazi vilivyopandwa. Hans na Marit walikuwa na ng'ombe mmoja na kondoo wanne. Ila umri humo ni wa mwaka unaoendelea: aliyeandikwa 34 amekwisha timiza 33. Marit ameandikwa 34. Ningetoa moja tangu mwanzo, nisingemgusa yule wa 1829. Ile ya 1910 inatoa tarehe kamili ya kuzaliwa. Baada ya hapo ni kusubiri, kwa sababu sensa hufungwa miaka mia moja: ya 1920 ilifunguliwa tarehe 1 Desemba 2020, na ya 1930 itafunguliwa 2030.

Kwa wenye ndugu Marekani, mambo hugeuka. Hans na Marit walikuwa na wana wawili wa kiume, Peder na Ole. Wasomaji wa Kikuyu wameshatabasamu: mwana wa kwanza kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Utaratibu ni ule ule, na mimi huutumia kukisia jina la babu nisiyemjua, ingawa kukisia si ushahidi. Ole aliondoka 1882, mwaka ambao Wanorwe zaidi ya elfu ishirini na nane walihama, wengi kuliko mwaka mwingine wowote. Yumo kwenye daftari la polisi la bandari ya Kristiania, ambayo leo ni Oslo: jina, umri, alikotoka, anakokwenda. Peder alimfuata. Huko Minnesota mmoja akajiandikisha Ole Haugen na mwingine Peter Hanson. Wajukuu wao walikaa mji mmoja bila kujua ni ndugu.

Kilichowaunganisha ni wasimamizi wa ubatizo. Mchungaji wa Kinorwe aliandika majina yao wote, kwa kawaida watano, pamoja na mashamba yao. Hao hawakuokotwa njiani. Ni mjomba, shangazi, dada wa mama ambaye hajaolewa, jirani wa ukuta kwa ukuta. Wanaoanza kazi hii huwaruka. Mimi huwasoma kabla ya wazazi, na uhusiano nisioupata kwingine naupata hapo. Peder alikuwa ameandikwa msimamizi wa mtoto wa dada yake Anne kabla ya kusafiri: "Peder Hansen Haugen". Hapo Hanson na Haugen wakakutana kwenye mstari mmoja.

Kwa upande wa Marit sasa nimerudi nyuma hadi bibi yake, aliyebatizwa miaka ya 1770. Tarehe imeandikwa "Dom. 3 p. Trin.", Jumapili ya tatu baada ya sikukuu ya Utatu, ambayo huhesabiwa kutoka Pasaka, kwa hiyo ilibidi kwanza nitafute Pasaka ya mwaka huo iliangukia lini. Baba ametajwa, shamba limetajwa, wasimamizi watano wametajwa. Mama hakutajwa. Wachungaji wengi wa zamani hawakuona haja.

Njia iliyobaki ni daftari za mirathi. Mtu alipokufa, mali iliandikwa na warithi wakatajwa, na binti aliyeolewa alitajwa pamoja na mumewe. Kwa hiyo nasoma mirathi za mashamba jirani moja baada ya nyingine, nikimtafuta baba aliyekuwa na binti aliyeolewa shamba lile. Jana nilimaliza ya tatu: ng'ombe wawili, chungu cha shaba, Biblia iliyochanika, wana watatu wa kiume. Binti hakuna.