Kujitoa kwa Mungu: tunavyodhani na ilivyo kweli

Mhubiri akisema "jitoe kwa Bwana" kanisa zima linaitika amina, afu mkitoka nje uliza kujitoa maana yake nini, kila mtu ana lake. Haya ndo ninayoyasikia sana.

"Kujitoa ni kutoa hela." Hii ndo kubwa kuliko zote. Yaani mtu fungu la kumi halikosi, ahadi ya ujenzi kamaliza, basi anajihesabu kajitoa. Soma 2 Wakorintho 8, Paulo anawasifu waumini wa Makedonia waliokuwa maskini kabisa ila wakachangia kupita uwezo wao, na anasema walianza kwa kujitoa nafsi zao kwa Bwana. Mtu kwanza, mfuko unafuata. Ukigeuza hapo utatoa miaka yote na wewe mwenyewe hujawahi kutolewa hata siku moja.

Watu watakuletea yule mjane wa Marko 12 na sarafu zake mbili, sawa, lakini Yesu alichokiona pale sio kiasi, alisema mama yule katia riziki yake yote, maana yake hata kesho yake kamwachia Mungu. Na samahani niseme hili, hiyo stori inatumika sana kuwakamua watu wasio na kitu, wakati mistari michache tu kabla yake Yesu alikuwa anawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Huo mstari sijui kwa nini siku ya harambee hausomwi.

"Hiyo ni kazi ya wachungaji, mapadri na masista." Hapana. Warumi 12:1 iliandikwa kwa waumini wote wa Roma, wengi wao watu wa kawaida tu wenye kazi zao, na wanaambiwa watoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai, ndiyo ibada yao yenye maana. Kasema miili, sio roho tu. Kwa hiyo macho unayoangalizia simu yamo, ulimi umo, mikono imo, hata namna unavyofanya kazi bosi akiwa hayupo. Kulikuwa na mtawa mmoja wa Wakarmeli huko Paris karne ya 17, Lawrence, hakuwa padri, miaka mingi kazi yake ilikuwa jikoni, na alisema pale kwenye masufuria na kelele anakuwa na Mungu sawasawa na akiwa amepiga magoti. Mi huyu ananisaidia kuliko mahubiri mengi.

"Nikijitoa sana Mungu atanilipa." Hapa tunafanya ibada kama biashara. Huo mstari wa Warumi una neno "basi", na nyuma ya hilo "basi" kuna sura 11 nzima zinazoeleza Mungu alivyotuhurumia kabla hatujafanya lolote, ndo maana Paulo anasihi "kwa huruma zake Mungu". Deni la dhambi Kristo alishamaliza mara moja, Waebrania 10 iko wazi, kwa hiyo we hulipi kitu, unashukuru. Na ukitaka kuelewa kushukuru huko kunafika wapi angalia kitabu cha Mambo ya Walawi. Kwenye sadaka ya amani aliyetoa alirudi na nyama akala na watu wake, ila ya kuteketezwa mnyama aliwaka wote juu ya madhabahu, ngozi tu ndo ilibaki na ilikuwa ya kuhani, mtoaji hakupata hata kipande. Wengi wetu tunaimba ya kuteketezwa huku moyoni tunasubiri nyama.

Kuna na wale wanaodhani ukishalia pale mbele siku moja imetosha. Luka 9:23 inasema mtu ajitwike msalaba wake kila siku. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, naye mwaka 1755 alianza kuwaongoza watu wake kwenye ibada ya agano, yaani ya kuahidi kujitoa kwa Mungu, na Wamethodisti wengi mpaka leo wanairudia kila mwaka, watu wale wale.

"Aliyejitoa hana muda na mambo ya nyumbani." Hii inaniuma. Mtu yuko kwaya, yuko maombi ya usiku, yuko kamati, na wazazi wake hajawapigia simu mwezi mzima, ukimuuliza anasema niko kwenye kazi ya Mungu. Kwenye Marko 7 kulikuwa na watu walioona kile cha kuwasaidia baba na mama wakitamka tu Korbani, yaani kimewekwa wakfu, basi wazazi hawana chao tena, na Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Wala sio wazazi peke yao. Mathayo 5 inasema umeshafika madhabahuni na sadaka yako mkononi, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo hapo, nenda mkapatane kwanza, ndo urudi uitoe.